Bwana na Pwana

Mwalimu Bethwel alikuwa na ugonjwa mmoja: herufi b. Muda mrefu aliipigania katika kwaya ya wavulana ya kanisa lao karibu na Sosiot. Alichapa vidole, akatishia, akabembeleza, na bado wavulana wake wa Kipsigis walimwimbia Mungu "Pwana, tuparigi" kwa furaha tele. Sikio la kufa halisikii dawa. Gichuki peke yake ndiye aliyeitoa safi, na ndiye aliyeanzisha kila wimbo.

Gichuki alikuwa mtoto wa Mgikuyu muuza nguo. Hali ya Hatari ya wakoloni ilipochacha na Wagikuyu wakaanza kubebwa kwa malori kwenda kizuizini, wazazi wake walichukuliwa sokoni. Bethwel akamficha mtoto kwake, akamwita Kiprono, kama Mkipsigis. Kipsigis alikijua, maana alikulia papo hapo. Tatizo lilikuwa ile b.

"Kuanzia leo useme Pwana," Bethwel alimwambia.

Mtoto alicheka, akidhani ni mtego. Bethwel hakucheka. Juma zima alibomoa alichokuwa amejenga mwenyewe, na usingizi ukamhama.

Jumapili, mahubiri hayajaisha, Sajini Gekara aliingia kanisani na askari wake. Alikuwa Mkisii mjanja, aliyekaa na Wakipsigis miaka mingi.

"Nimeambiwa iko mtoto wa Mgikuyu hapa," alisema. "Sitaki maneno mingi. Kila mtoto aimbe peke yake: Bwana, tubariki. Mkipsigis nitamjua tu."

Bethwel alimtazama Gichuki, wa tatu kwenye mstari, akamsihi kwa macho.

"Pwana, tuparigi," wa kwanza aliimba. Sajini aliridhika. Wa pili naye vivyo hivyo.

Gichuki alifungua mdomo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Bwana, tubariki."

Ilitoka safi, tamu, kama alivyofundishwa. Bethwel alijilaani kimoyomoyo. Kamba iliyomfunga mtoto huyu aliisokota yeye.

"Wewe, simama kando," Sajini alisema polepole. "Mwingine!"

Mwingine alikuwa Kipkemoi, mtundu wa kwaya, ambaye vidole vyake viliijua fimbo kuliko vya wenzake wote. Alimwangalia Gichuki, akabana midomo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Bwana, tubariki."

Bethwel alidhani masikio yanamdanganya. Aliyefuata naye: "Bwana, tubariki." Mstari wote, mpaka mwisho. Sajini, uso umemkunjamana, alirudi kwa wa kwanza.

"Rudia!"

"Bwana, tubariki!" Ilikuwa b iliyoshiba, ikarusha mate mpaka kwenye vifungo vya Sajini.

Sajini alimgeukia mwalimu. "Ni wewe umewafundisha hivi, wote?"

Kwa hofu ulimi wa Bethwel, Mkipsigis naye, ukarudi kwao.

"Ntiyo, Pwana."

Sajini aliangua kicheko. Akamwashiria Gichuki arudi mstarini, akavaa kofia, akatoka na watu wake.

Ngurumo ya lori ilipofifia, Kipkemoi alimvuta mwalimu koti.

"Mwalimu, ni Bwana."

Bethwel alinyoosha vidole vyake vichapwe, akalia mbele ya kanisa zima.