Kibakuli Kilichojaa

Chai ilipanda hadi ukingoni mwa kibakuli, na mkono wangu ukakataa kuacha kumimina. Hapa kwetu Kokand mgeni hutiliwa nusu, apate kuongezewa tena na tena. Ukimjazia pomoni, umemwambia aende zake. Na mgeni mwenyewe alikuwa Bi Muhtaram, aliyekuja kumposea mwanawe wifi yangu, Sanobar.

Alikitazama kibakuli, akainuka. "Haya, tumeelewa," akasema.

"Kaa, dada yangu," mama mkwe akamdaka mkono. "Mkamwana wangu ana haraka zake tu, hana nia mbaya." Huku jicho lake likinichoma.

Haraka gani? Tangu nijifungue, giza lilinikaa kichwani hata mtoto wangu nikawa simtaki. Mama mkwe akanipeleka kwa siri kwa daktari yule yule aliyemtibu Sanobar, nikapewa vidonge vile vile. Sanobar vilimrudishia usingizi na kicheko. Mimi vilinipunguzia giza, vikanipa mikono inayotetemeka kama ya bibi kizee. Kila nikimlalamikia mama mkwe naambiwa, "Mbona mwenzio anameza na kunyamaza?" Nikiviacha, giza linarudi. Nikivimeza, ndiyo haya.

Na sasa nikisema ukweli, posa imevunjika, maana nani ataoa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili? Nikinyamaza, imevunjika vile vile. Nilimchukia kila aliyekuwemo mle chumbani, nikianza na birika.

Bi Muhtaram alikuwa keshafika mlangoni, anavaa viatu, pazia la jikoni lilipofunguka. Sanobar akatoka, kajitanda vizuri, uso umemsawijika.

"Mama, usiondoke kwa ajili ya mkono wa wifi yangu," akasema. "Hakukufukuza. Anatetemeshwa na vidonge vya akili. Navijua, maana nami navimeza."

Mama mkwe akajishika kifua, akaketi chini. "Umetumaliza, mwanangu."

"Mimi vinanituliza, yeye vinamtetemesha," Sanobar akaendelea, kama hakusikia. "Nimechoka kumwona akisemwa kwa sababu yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Muhtaram alisimama na kiatu kimoja mguuni. Alimtazama Sanobar, akanitazama mimi, kisha akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu mno. Uani majirani walikuwa wakianua nguo na kusengenyana. Akaufunga mlango, naye akabaki ndani.

"Mwanangu ninayemposea, yeye vidonge hivyo vinamlaza mpaka adhuhuri," akasema kwa sauti ya chini. "Namwamsha, analia. Daktari ananiambia nivumilie, wengine vimewafaa." Akanigeukia. "Wewe, binti, ulipomwambia daktari wako kuhusu mikono, alikujibu nini?"

Mama mkwe akanikazia macho. Sanobar akamsogezea mgeni mto.

"Sijamwambia," nikasema. "Nilikatazwa."