Sifa za Chungu Kilichopasuka

Kwetu Matema chungu kipya kikipasuka motoni kinapochomwa hakililiwi, kinasifiwa. Wanawake tunayazunguka majivu, mwenye chungu anaanza: "Tazameni uzuri wake, hiki kitapikia harusi," na sisi tunaitikia, huku kila mmoja anaona kwamba vilivyobaki ni vigae tu. Fundi wa sifa hizo alikuwa Damari. Alikuwa na ulimi mkali, na mimi jirani yake niliuonja sana. Akikusifia ugali wako, ulijua umeunguza.

Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, askari wa Wajerumani walimchukua mwanawe mkubwa, Tomasi, akabebe risasi kuelekea mpakani. Hakurudi. Waliorudi walisema alianguka njiani, na mzigo wake akapewa mwingine. Alikozikwa hawakukujua.

Kisha bwana wa boma akaja mwenyewe ufukweni kutafuta wapagazi wengine. Damari alikuwa amebakiwa na mwana mmoja tu, Mika. Wenzake waliwaficha wana wao milimani, yeye akakataa. Alisema mtu mzima yeyote, hata awe Mzungu, akisifiwa kama chungu kilichopasuka ataona haya mbele za watu na kwenda zake. Sisi sote tungeona haya. Nasema hili kwa uchungu: alimdhania yule mtu kuwa kama sisi.

Akasimama mbele ya kiti cha bwana, akaimba:

"Asante, baba, umemtembeza mwanangu.
Umempa mzigo, asipeperushwe na upepo.
Umemfikisha pazuri, hata kurudi hataki.
Baba mwema, nani kama wewe?"

Tukaitikia, wengine machozi yakiwatoka. Mkalimani alikuwa Asajile, mtu wa Makwale aliyeoa kwetu, na alijua vizuri anachokisikia. Alikitazama kiboko mkononi mwa askari. Kisha akatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, tena kwa sauti tamu.

Bwana akatabasamu. Nilitamani kumrushia majivu usoni. Akazungumza kwa kirefu, na Asajile akamgeukia Damari.

"Mama Tomasi, anasema amefurahi. Anasema mama mwenye moyo kama wako hatamnyima na wa pili. Mika ndiye atakayetangulia mbele ya wenzake."

Damari akapiga magoti. "Mwambie simpi. Mwambie Tomasi amekufa, na yeye ndiye aliyemuua."

"Nikisema hivyo atajua ule wimbo ulikuwa nini," Asajile alinong'ona. "Watakuchapa mpaka ufe, na Mika ataondoka vilevile."

"Sema."

Asajile akamgeukia bwana, akasema maneno machache. Bwana akainama, akamwinua Damari kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole kabisa. Mika alikuwa ameshafungwa kamba.

Baadaye tulimbana Asajile atuambie alisema nini pale. Akajibu, "Nilisema ndaga, asante ya kwetu. Nilisema anashukuru kwa magoti."

Mika naye hakurudi.

Kiangazi kilichofuata tulichoma vyungu kama kawaida, na chungu kikubwa cha Damari kikapasuka. Tukakusanyika kuyazunguka majivu, tukamngoja aanze.

"Kimepasuka," alisema.

Tukabaki tumesimama. Hakuna aliyejua la kuitikia.