Tatizo Lije na Suluhisho Lake

Matroni wetu alikwenda semina ya viongozi wa afya, akarudi na begi jipya, kalamu ya bure na sentensi moja. Begi lilikatika mkanda mwezi uleule. Kalamu iliibwa, na aliyeiiba tunamjua. Sentensi ndiyo iliyobaki. Aliipeleka kwa mchora vibao, ikaandikwa kwa rangi nyekundu, ikapigiliwa misumari juu ya mlango wa ofisi yake: TATIZO LIJE NA SULUHISHO LAKE.

Nisije nikaonekana namsema. Matroni ni mwanamke anayeijua kazi. Kituo chetu cha afya kabla yake kilikuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe, kila mtu anaingia na kutoka anavyotaka. Yeye ndiye aliyezipanga zamu kwa haki, yeye ndiye anayepiga simu mpaka dawa zinafika. Ila alikuwa amechoka. Kila aliyeingia ofisini alitua mzigo wake mezani na kuondoka mikono mitupu. Nadhani huko semina walipompa ile sentensi aliipokea kama mtu anayepewa mwavuli mvua ikiwa imeshamlowesha.

Nasi tukatii. Tulitii mno. Bomba la chumba cha kujifungulia likaanza kuvuja, na mama wa usafi hakuwa na suluhisho, alikuwa na ndoo. Akaweka ndoo. Kiti cha fundi wa maabara kikawa kinayumba, naye akajifunza kukaa upande. Ofisini kwa Matroni kukawa kimya, na kwenye vikao vya wakubwa akawa anasema kwa fahari kwamba matatizo ya kituo chetu yamepungua sana. Wapi! Yalikuwa nje ya mlango, yamepanga foleni.

La kwangu mimi lilikuwa kubwa kuliko bomba. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa haoni pembeni.

Dereva huyo tunamwita Mzee Taratibu, jina la ajabu kwa mtu anayeendesha gari lenye king'ora. Jina hilo alipewa na wajawazito. Ana namna yake ya kuvuka tuta ambayo aliyelala nyuma na kidonda kibichi hasikii kitu. Nikimhimiza ananiambia, "Tunakwenda kufika, mwanangu, hatuendi kukimbia." Na ndiye mume wa Matroni. Asubuhi wanakuja pamoja kwa miguu, wakifika getini anamwachia mkono na kusema, "Haya Bosi, kazi njema," na Matroni anamjibu, "Na wewe dereva, usinichelewee." Wamefanya hivyo tangu niajiriwe, na kila siku wanacheka kama ndiyo kwanza wameusikia utani huo.

Mimi ni nesi wa kusindikiza wagonjwa. Msimu wa mvua uliopita, nikiwa nimekaa naye mbele tukirudi na gari tupu, nilianza kuona kitu. Cha mbele yake alikiona hata kama ni kunguru juu ya waya. Lakini pikipiki ikitokea ubavuni alishtuka kama mtu aliyeguswa begani. Siku moja nikamwambia, "Mzee, kulia kuna baiskeli." Akasema, "Ahsante, mwanangu." Hakuniuliza kwa nini nimemwambia, nami sikumuuliza kwa nini amenishukuru. Kesho yake nikamwambia tena. Ikawa ndiyo safari zetu: kulia baiskeli, kushoto watoto wa shule, kulia mkokoteni, kushoto mbuzi na mwenye mbuzi. Hata tukiwa na mgonjwa nilikaa mbele, nyuma nikamwachia ndugu yake, nikawa nachungulia kupitia kidirisha. Jambo hilo si sawa hata kidogo, na nililijua.

Nilijua ni hatari, na nilimpenda yule mzee. Yote mawili yalinikaa kifuani, hakuna lililomfukuza mwenziwe. Lakini ningeingia ofisini na kusema nini? Suluhisho lipi? Mwachishe mumeo kazi? Mnunulie macho? Nikawa nalitafuta, kila siku nikisema kesho. Mama wa usafi alijua. Fundi wa maabara alijua. Hata mlinzi alijua, ndiyo maana alifungua milango yote miwili ya geti badala ya mmoja. Kituo kizima kilijua isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye msimamizi wa kituo, na ndiye mwenye mume.

Basi siku ya siku ikafika. Aliletwa mama mjamzito, uchungu umemshika na mtoto katanguliza miguu, na ilibidi awahishwe hospitali kubwa. Matroni alikuwa na kikao hukohuko. Akatoka na mkoba wake, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Kwenye kiti changu.

"Wewe kaa nyuma na mgonjwa wako," akaniambia.

Nikapanda nyuma. Mzee Taratibu alinitazama mara moja kupitia kidirisha, na macho yale yaliyokuwa hayaoni pembeni yaliniambia kila kitu.

Tukatoka. Nikamwinamia mama wa watu, nikapaza sauti isikike hadi mbele. "Usiogope, mama. Sasa tunapita sokoni. Kulia kwetu kuna pikipiki. Kushoto yupo baba mmoja na baiskeli yake."

"Dada," akasema huku ameuma meno, "mimi nazaa. Sijaja kutalii."

Mama mkwe wake, aliyekaa miguuni pake, akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Nikaendelea hivyohivyo. "Kushoto kuna watoto wanavuka, mama. Wazuri kweli, wana sare za bluu." Huko mbele nikamsikia Matroni akiguna, "Huyu leo kala nini?" Gari lilipunguza mwendo palepale penye watoto.

Kisha uchungu ukaja kwa nguvu. Mama akanishika mkono, nikasahau barabara, nikawa namwambia avute pumzi, aitoe, avute tena. Na katika ukimya wangu huo Matroni akapiga kelele.

"Mkokoteni! Baba, kulia, mkokoteni!"

Breki zililia. Mwenye mkokoteni aliuachia akaruka kando, matofali yakamwagika barabarani. Hakuna aliyeguswa, Mungu ashukuriwe. Yule mtu alisema maneno ambayo sitayarudia, na yote alikuwa na haki nayo.

"Hukuuona?" Matroni akauliza.

Mzee aliendelea kutazama mbele. Nilichungulia kidirishani, nikamwona Matroni anamtazama mumewe ubavuni mwa uso. Akainua kiganja chake akakiweka karibu na sikio la mumewe, akawa anakisogeza mbele kidogo kidogo, akichezesha vidole. Ni kipimo tulichofundishwa sote chuoni. Mwenye macho mazima angegeuka mapema. Vidole vilikuwa vimekaribia pua ndipo Mzee akageuka.

Matroni akashusha mkono. Nyuma mama akapiga ukelele mwingine. Dereva wa pili hatukuwa naye, na hospitali ilikuwa ng'ambo tu ya daraja.

"Twende," akasema. "Polepole. Pembeni naangalia mimi." Na akaanza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini. "Kulia hakuna kitu. Kushoto baiskeli, imesimama. Kulia hakuna kitu, baba. Twende."

Mtoto alitoka salama, wa kike, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye maegesho. Gari letu lilirudishwa na dereva wa hospitali kubwa. Sisi watatu tulikaa nyuma kama wagonjwa, Matroni ameushika mkoba wake magotini na ufunguo wa gari ndani ya kiganja. Kikao chake hakikumwona siku hiyo, alikuwa na mumewe kwa daktari wa macho.

Tulipofika alituita ofisini. Mzee akakaa kiti cha wanaokaripiwa. Mimi nikasimama.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mvua zile, Matroni."

"Unapanda gari na mtu asiyeona, na wagonjwa nyuma, na watoto barabarani, na huniambii?" Sauti ilianza kupanda. "Mimi ni nani hapa? Pambo?"

Mimi nina ulimi wangu, na siku hiyo hofu ilikuwa imeniishia barabarani. "Sikuwa na suluhisho, Matroni," nikasema. Sikuelekeza kidole juu ya mlango. Macho yake yalikwenda huko yenyewe.

Kisha akamgeukia mumewe, na hapo sauti ilishuka mpaka nikajuta kuwepo. "Haya, huyu sawa, mimi ni bosi wake. Na wewe? Tunalala kitanda kimoja. Tunakula sahani moja. Wewe ulishindwa nini kuniambia?"

Mzee alikuwa anaitazama kofia yake. Kwa kawaida humo ofisini anamwita Bosi, kwa utani. Siku hiyo hakumwita hivyo.

"Na mimi sikuwa nalo, mama," akasema. "Unarudi nyumbani umechoka, kila mtu amekutwisha la kwake. Nikasema ngoja nilitafute kwanza hilo suluhisho. Nikilipata nakuletea vyote viwili pamoja."

Matroni alifunika uso kwa viganja vyake. Nimemwona akizika wagonjwa aliowauguza kama ndugu zake na hakulia, lakini pale alilia, mabega yanacheza, na Mzee Taratibu akainuka akaizunguka meza kwa kupapasa ukingo wake mpaka akamfikia. Nikatoka nikafunga mlango. Nami nililia, kwenye ngazi, na mama wa usafi akaniletea maji bila kuniuliza kitu.

Asubuhi yake tuliitwa sote kikao. Tulijua kutawaka moto. Nilikuwa nimejiandaa kwa barua ya onyo, na ingenistahili. Matroni akasimama mbele yetu, macho yamevimba, bila karatasi.

"Nina tatizo," akasema. "Suluhisho sina."

Akatutazama mmoja mmoja, akaendelea.

"Mume wangu ana presha ya macho. Mlijua, mimi sikujua. Usukani nimeshauchukua na hataushika tena. Mambo yake ya kazi atayaamua daktari wa kituo na wakubwa wa juu, kwa sababu mimi hapa siwezi kuvaa kofia mbili. Lakini kesho mgonjwa akija sina dereva, na nyumbani nina mtu ambaye maisha yake yote ni barabara. Sijui la kufanya. Nimekuja nalo hivihivi, peke yake."

Kisha nyuma kabisa mama wa usafi akainua mkono.

"Matroni," akasema, "bomba la chumba cha kujifungulia linavuja. Na mimi suluhisho sina."

Tulicheka. Matroni alicheka mpaka akashika ukuta. Na baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua lile bomba lenyewe: mizani ya watoto inadanganya, geti linakwama, nesi wa zamu ya jioni anamuuguza mama yake nyumbani na anasinzia kazini, kiti cha maabara kitamuua mtu. Yeye akawa anasikiliza tu, anaitikia, "Ehe. Na jingine?" Kufikia mchana tulikuwa tumeshaazimwa dereva, kwani binamu wa mlinzi anaendesha gari la kituo cha jirani na wao wana madereva wawili. Wala hilo halikuwa suluhisho la mtu mmoja. Lilitoka vipande vipande, kila mtu na chake.

Presha ya macho ni mwizi wa taratibu. Kilichoondoka hakirudi, ndivyo alivyosema daktari wa macho, na kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Angekuja mapema, kingebaki kingi zaidi. Hilo Matroni hulibeba, na sisi tunalibeba naye. Wakubwa walimhamishia Mzee kwenye simu, ndiye anayepokea wanaoita gari na kumwelekeza dereva mpya njia isiyo na mashimo. Mchana Matroni anatoka ofisini na kichupa chake, anamwinua kidevu mbele ya watu, anamtia matone, naye analalamika kama mtoto. Kile kibao cha maandishi mekundu kilishushwa. Sasa kiko chini ya mguu wa kiti cha fundi wa maabara, na kiti hakiyumbi tena.

Juzi jioni tulikuwa tunarudi, dereva mpya na mimi, gari tupu, tukawakuta njiani wanakwenda nyumbani. Nikamwomba dereva apunguze mwendo. Dirisha lilikuwa wazi. Matroni alikuwa ameushika mkono wa shati la mumewe, na mdomo wake haukutulia.

"Kulia baiskeli."

Baiskeli ilikuwa imeshapita zamani. Alikuwa anauimba vibaya wimbo wangu, anachelewa, na nusura nitoe kichwa dirishani nimsahihishe.

"Kushoto mtaro," akasema.

"Nimeuona, Bosi," Mzee Taratibu akajibu, kichwa juu, anatazama mbele.

Hakuuona. Nimekaa naye mbele kiasi cha kujua shingo yake inavyogeuka akiwa ameona kitu, na haikugeuka. Na Matroni naye alijua. Hakumbishia. Aliuachia mkono wa shati, akampitia nyuma, akahamia upande wa mtaro, akamshika upya.