Masta Muthaiya Hatazami Kioo

Usiku wa jana niliota nimeitwa Chennai, kwenye filamu za Kitamil, kurusha gari juu ya treni. Gari lenyewe ni hiki kigari chetu cha shule, chenye kibao cha L. Mimi ni mwalimu wa udereva Tanga mwaka wa kumi na tisa sasa, sijawahi hata kukwaruza geti, kwa hiyo niliona wamemwita mtu sahihi.

Aliyenipokea ni Masta Muthaiya, mpangaji wa mapigano. Hakuwa na uso. Mbele kisogo, nyuma kisogo. Nikamwamkia hivyo hivyo.

"Usimshangae," likasema limau lililowekwa chini ya gurudumu la mbele. Kule gari haliondoki bila kuponda limau, kuondoa husuda. "Alianza kwa kupigwa. Akapanda cheo, akawa wa kutupwa madirishani, kisha akawa wa kuwapangia wenzake namna ya kutupwa. Miaka ishirini na nane anaruka badala ya nyota wa filamu, na anayeruka badala ya nyota hupigwa picha kwa nyuma tu. Uso ukakosa kazi, ukaondoka."

Likanionyesha mama yake Masta, ameketi safu ya mbele ya ukumbi wa sinema uliochomoza pale pale relini, anatafuna tambuu, midomo myekundu. Hakosi filamu hata moja, na kila mara humuuliza jirani mwanawe yuko wapi. Leo Masta anaruka mara ya mwisho, magoti yamegoma. Mama asipomwona leo, basi tena.

Iliniuma, kusema kweli. Nikamwomba Masta aigeukie kamera.

"Nikigeuka, Mwalimu, ni kisogo kingine," akasema.

Sasa tunaondoka. Limau linaniambia niponde tu, limeshazoea. Naliponda. Wabaya thelathini wamepanga foleni, kila mmoja ameshika namba yake ya kupigwa. Masta ananing'inia mlangoni kwangu na kuwahudumia mmoja mmoja kwa teke, nao wanashukuru na kulala chini. Namba kumi na saba anaomba arudiwe, eti lake halikumpata vizuri.

Gari linapaa. Treni inapita chini yetu, abiria wanapunga mikono. Nawasha indiketa ya kulia, maana hata angani sheria ni sheria. Ndipo namtazama Masta, anaegemea kulia pamoja na gari bila kugeuza kichwa, na hasira zinanipanda.

"Wewe Muthaiya, unahama njia bila kutazama kioo?"

Anatii. Anakiinamia kioo cha pembeni. Kamera iko nyuma yake, kama inavyotakiwa. Na ndani ya kioo uso unarudi kazini: uso wa mtu mzima, kidevu kina kovu, unaona haya kidogo.

Ukumbini mama anasimama. "Si nilikwambia yumo," anamwambia jirani. Kisha anaiendea skrini taratibu, anainuka kwa ncha za vidole na kukibusu kile kioo. Mimi nalia huku nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Nikaamka mashavu yamelowa. Asubuhi nikamfungulia gari mwanafunzi wa saa mbili, akaniuliza nani amechafua kioo. Katikati ya kioo cha kulia palikuwa na alama ya midomo, nyekundu ya tambuu, bado mbichi. Mtaani kwetu hakuna anayetafuna tambuu.

Akatoa kitambaa afute. Nikamwambia aache, atazame hivyo hivyo.