Saini ya Fundi Anakleti

Jeneza la Ange lilikuwa ndani ya gari la jeshi tangu saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa saba, jua la Tabora linachoma bati la gari. Baba yake, Anakleti, fundi pikipiki wa Kwihara, alikaa ofisini mbele ya Kapteni Godbless. Mezani palikuwa na karatasi moja. Ilisema ndege ilikuwa nzima. Aliyekosea ni rubani mwanafunzi.

Ange alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Vita vya mpakani vilipochacha, mafunzo ya urubani ya mwaka mzima yakakatwa yakawa miezi minne, na watoto wa watu wakaanza kudondoka. Huyu alikuwa wa tano. Wa tano, jamani, na kila mmoja eti kakosea mwenyewe.

Jumapili kabla ya ajali alimpigia baba yake simu. Akamwambia injini za zile ndege za mafunzo zinakata ukivuta mafuta kwa ghafla. Zinanyamaza kidogo, kisha zinashika tena. Wanafunzi walikwisha kusema, wakaitwa waoga. Anakleti akamuuliza kama fundi wao huzijaribu mwenyewe kwanza. Kwake haikutoka pikipiki ambayo hajaipanda mpaka kwenye ile nyumba ya kale ya tembe na kurudi, na Ange alikulia juu ya matangi ya pikipiki hizo, mbele ya baba. Ange alicheka tu. Fundi wao hapandi, alisema.

"Afande, injini ilikuwa inakata."

"Mzee wangu, wewe unatengeneza pikipiki."

"Ndiyo. Injini inayokata naijua."

Kapteni hakukasirika. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba asiposaini, uchunguzi utaendelea, na mwili utarudishwa mochwari mpaka uchunguzi huo uishe. Huenda ni miezi. Halafu akamsogezea kalamu.

Nje, Esperansi, mama wa marehemu, alikuwa ameegemeza shavu kwenye mlango wa gari. Siku ya sita hiyo hajala kitu cha maana. Anakleti akamtazama kupitia dirisha, roho ikamuuma, akasaini. Aliandika jina lake lote, taratibu, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Wakazika jioni ile ile Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Padri alipomaliza, Kapteni akatangaza kwamba jeshi linampa shujaa wake heshima ya mwisho. Ndege ya mafunzo ikatokea upande wa mjini, ikapita chini chini juu ya makaburi, kofia ya mwanafunzi inaonekana wazi kabisa kiooni. Ikavuta mafuta ipande.

Injini ikakata.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Anakleti, udongo bado mkononi, alisimama ameinua shingo, akisubiri ishike.