Jani la Jimbi Ndani ya Chupa

Kule Fanja, pembeni mwa hodhi la falaj, mfereji wa maji ya mji, Bi Kaltham alikuwa na majimbi kumi na moja. Mbegu yake aliitia mkobani alipohama Pemba, na mji mzima hakuna mwengine aliyekuwa nayo.

Mwaka ule hodhi likafunikwa na gugu la kuelea, majani yake kama saladi. Maji yakawa yanajikokota, zamu ya mtu ya kumwagilia inakwisha na mitende yake haijarowa. Ndipo Nadhir, mtoto wa jirani, aliyeajiriwa shamba la serikali, akaja na chupa ya fukusi weusi. Akaeleza kwamba hao ni adui wa gugu huko lilikotoka, wala hawali chengine.

Wazee wakashukuru. Bi Kaltham hakushukuru. Fukusi aliwajua: mchele ukisha, utawakuta kwenye unga. Tena maji hayakushika juu ya jani la gugu lile, kama yasivyoshika juu ya jani la jimbi. Yasije yakawa ndugu.

"Huko walikojaribiwa," alimuuliza, "wanapanda majimbi?"

Mwengine angesema ndio, yakaisha.

"Sijui, Bi Kaltham," alisema Nadhir.

Akawaomba wazee wasubiri. Akakata jani la jimbi, akalitia chupani na fukusi ishirini, akafunga kitambaa, akamwachia bibi mwenyewe alinde.

Siku ya nne jani lilikuwa na matundu. Bi Kaltham alimpelekea Nadhir chupa, naye hakubisha. Wakazidi kungoja. Matundu hayakuongezeka, na siku ya kumi na mbili fukusi wote walikuwa wamekufa, hawakuacha hata yai. Wenzao, aliowatia chupa nyengine na jani la gugu, walikuwa wameshazaa.

"Wameonja, wakashindwa kuishi," alisema Nadhir. "Lakini gugu likisha wataonja tena. Siwezi kukuapia."

Bi Kaltham akatazama ndimu za jirani yake Wadha, zimenyauka kwa kiu.

"Watie," alisema. "Ila kwanza nichimbulie matano, ukayapande kwa mkweo kule Izki, mbegu isipotee."

Gugu likageuka manjano, likazama, likaoza. Mwezi mzima hodhi lilinuka na visamaki vikaelea, jambo ambalo hakuna aliyelitaja mwanzo. Kisha maji yakakimbia. Fukusi wenye njaa wakapanda majimbini. Moja likafa, matano yaliyobaki yakatoboka, yakachipua upya.

Fukusi walipokwisha kabisa, Nadhir alimpa habari. Bi Kaltham alimshukuru, akamtilia kahawa, halafu akainama kugeuza majani, moja moja, kutazama chini yake.