Walioitika

Jina la bibi yake lilikuwa ukutani. Mariamu binti Nassoro, kwa herufi za buluu zilizokuzwa na mashine ya kurushia picha, na mkabala nalo neno la Kifaransa lenye maana kwamba ameridhia. Hadidja alilisoma, akalirudia. Bibi yake alizikwa yeye angali shule ya msingi. Na leo, mchana kweupe, katika ukumbi wa mikutano wa Kisangani, mbele ya wageni waliotundika vitambulisho shingoni, marehemu alikuwa ametoa maoni yake kuhusu sera ya utamaduni.

Chini yake walifuata wengine. Bi Salima, aliyechukuliwa na homa. Mama Riziki, aliyezama mtoni akitoka Basoko na mzigo wa samaki. Kwenye safu ya umri, mtu fulani mwenye busara alikuwa amewaandikia wote "mtu mzima".

Hadidja alikuwa mtafiti msaidizi katika kituo kinachochunguza namna wananchi wanavyoshirikishwa katika mambo ya utamaduni. Kazi hiyo aliipenda kwa dhati, tena kwa ule ujinga wa watu waliosoma: aliamini kwamba mtu akiulizwa anachotaka, na jibu lake likaandikwa, basi nusu ya haki yake ameshaipata. Mradi wa safari hii ulihusu hangari ya akina mama wa Kabondo, banda la mabati lililosimamishwa na bibi zao, ambamo wanawake Waislamu wa mtaa ule huimba harusi, hulia misiba na kumaliza magomvi. Wakubwa walitaka kulibomoa, mahali pake waweke nyumba ya utamaduni ya ghorofa, yenye lango, mlinzi, na ofisi ya kuombea ruhusa ya kuingia. Na kwa kuwa siku hizi hakibomolewi kitu bila wananchi kushirikishwa, watafiti walitumwa kwenda kuwashirikisha.

Profesa Benoît Kataliko, kiongozi wa mradi, ndiye aliyeuliza swali siku walipokwenda hangarini. Je, akina mama wanakubali banda lao lipishe jengo jipya? Mama Aïcha, shangazi yake Hadidja na mkuu wa kikundi, alisema wamesikia na watajibu, ila kwanza waitane. Ndivyo wanavyofanya miaka yote. Halisemwi neno zito ndani ya hangari kabla majina hayajaitwa, kuanzia ya wale waliochimbia nguzo za kwanza. Aliye hai hujiitikia. Aliyekufa huitikiwa na binti au mpwa wake, "Labeka," kwa sauti ya kila siku, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni. Walipomaliza kuitana ndipo wakajibu: hawatoki hapo, na kama serikali ina mkono wa kusaidia, basi iwatengenezee paa, maana linavuja.

Hadidja ndiye aliyeyanakili hayo yote kutoka kwenye kinasa sauti, kwa Kiswahili. Mbele ya kila jina aliandika: ameitika. Angeandika nini kingine? Kwao mtu huitwa, naye huitika. Lakini katika mji ule kuitika ni kukubali pia. Msichana huitika posa, mchuuzi huitika bei. Noël, mwenzake aliyezaliwa Kinshasa na kuokota Kiswahili chake sokoni, ndiye aliyepewa kazi ya kutafsiri. Aliliona swali la profesa, na chini ya swali majina chungu nzima, yote yameitika. Akashukuru Mungu kwa kazi nyepesi. "Hatutoki hapa" akaifasiri kuwa wananchi wana mapenzi makubwa na eneo hilo. Habari ya paa akaiweka kwenye mapendekezo: wanaomba jengo jipya liezekwe imara. Hadidja hakuonyeshwa tafsiri ile. Alikuwa na sura nyingine ya kuandika, naye Noël aliaminika.

Wakati wa mapumziko ya mkutano Hadidja alimfuata profesa barazani, akamkuta amesimama peke yake na kikombe cha kahawa.

"Prof, mule ndani kuko batu balishakufa."

"Batu gani?"

"Bibi yangu. Na bengine. Ile haikukuwa kukubali, Prof. Balikuwa banaitana tu. Noël alichanganya."

Profesa alielewa papo hapo, na hilo ndilo lililomuuma Hadidja baadaye, kwamba hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Donc, hata bale ba kaburini banashiriki. Centre yetu iko mbele kuliko zote."

Hadidja hakucheka. Profesa akashusha sauti.

"Bon. Rapport ilishaenda. Bafadhili balishasoma, bakubwa balishasaini. Tutaweka note kidogo mu phase ya pili."

"Phase ya pili hangar itakuwa ilishaanguka."

"Alors? Batajengewa nzuri zaidi." Akaweka kikombe ukingoni mwa ukuta, taratibu. "Hadidja, thèse yako iko juu ya meza yangu. Nilitaka tuite jury ya kukupima mbele ya vacances. Umengojea miaka yote ile, sasa utaitupa juu ya kitenzi kimoja?"

Hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo maana alikuwa hatari. Alimsomesha, akamtetea kwenye vikao, akamwombea nafasi wakati wengine walisema msichana wa Kabondo atafika wapi. Hadidja alimjua msaidizi mmoja aliyegombana na profesa wake juu ya jambo dogo tu. Tasnifu yake ililala kabatini mpaka mwenyewe akafa, na hata kwenye mazishi alitajwa kwa cheo cha msaidizi. Mambo haya hayaandikwi popote, lakini hakuna mtafiti wa mji ule asiyeyajua.

"Utanitafsiria kwa banamama," profesa alisema, tayari anarudi ndani. "Lugha yabo unaijua kutupita."

Akina mama walikuwa wamekaa safu ya mbele, walikowekwa ili waonekane kwenye picha. Wamevaa vitenge vya sare, vile vya Idi, na Mama Aïcha alikuwa katikati yao, mikono mapajani, akimtazama mtoto wa kaka yake akipanda jukwaani. Macho yake yalijaa fahari. Hadidja alishika kipaza sauti akiwa ameshaamua: atasema. Atasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, na litakalokuwa na liwe.

Profesa alizungumza kwa Kifaransa chake kizuri. Aliwashukuru akina mama kwa kuridhia mradi kwa kauli moja. Akasema ushiriki wa aina hii ni mfano kwa jimbo zima. Akamalizia kwamba kazi ya kubomoa itaanza Jumatatu. Halafu akamgeukia Hadidja na kutabasamu, akangoja.

Hadidja aliwaona wageni, akamwona Noël akimpungia mkono kwa furaha, hana habari ya lolote. Akafungua kinywa, na lile neno likamjia lenyewe, laini, limeshaandaliwa.

"Profesa anawashukuru," alisema, "kwa sababu mliitika."

Akina mama wakatazamana, wakakubali kwa vichwa. Ni kweli, waliitika. Mmoja alipiga kigelegele, wengine wakampokea.

"Anasema mmekuwa mfano kwa jimbo zima. Na kazi itaanza Jumatatu."

Neno moja tu ndilo aliloliacha, la kubomoa. Yote mengine yalikuwa kweli, na mtu yeyote angeweza kuyapima asipate kosa, si kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Ufundi huo ndio aliousomea miaka yote. Akakirudisha kipaza sauti. Wageni walipiga makofi kwa muda mrefu. Picha zikapigwa.

Nje kulikuwa na soda na mikate ya kukaanga. Hadidja alijibanza nyuma ya magari, lakini shangazi alimtafuta mpaka akampata, akamshika mikono yote miwili.

"Mutoto yangu. Kumbe balitusikia."

"Ndiyo, tantine."

"Mimi nilisema, siku ile tuliongea bure. Nilisema hii ni batu ya kuandika tu, banaenda." Alikuwa na machozi, akayafuta kwa ncha ya kitenge. "Bafundi ba Jumatatu, banatoka wapi?"

"Sijui, tantine."

"Haizuru. Tutabapikia. Mutu hawezi kufanya kazi juu ya paa na njaa. Pondu banakula?"

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akiwasha pikipiki, inakataa, anaiwasha tena. Nyuma ya shangazi akina mama walikuwa wameanza kujipanga, nani atatwanga majani ya muhogo ya pondu, nani ataleta samaki, nani ana sufuria kubwa. Bado palikuwa na nafasi. Sentensi moja ingetosha.

"Banakula," alisema Hadidja.

"Ni bengi?"

"Ni bengi, tantine. Mupike ya kutosha."